Karani Aliyesoma Barua Kutoka Chini

Karani alisoma barua kutoka chini. Ungempa karatasi, naye angeanza na sahihi, kisha jina, kisha ule mstari wa "wako mwaminifu", akipanda polepole kama mtu anayepanda kilima na mzigo, mpaka aifikie tarehe iliyo juu. Nilipomuuliza sababu, alisema, "Mtu akidanganya hudanganya katikati. Huku chini huwa ashachoka."

Nilikuwa kidato cha pili niliposikia hayo. Tangu siku hiyo sijawahi kumaliza barua yoyote bila kujiuliza kama mwisho wake unaonekana umechoka.

Alifanyia kazi kwenye veranda ya duka la dawa za mifugo mjini Kitui, si mbali na ofisi za kaunti. Alikuwa na meza moja, viti viwili, taipureta yenye kifuniko cha kitambaa alichokishona mwenyewe, na kopo la maziwa lililojaa kalamu ambazo mteja hakuruhusiwa kuondoka nazo. Hakuna aliyemwita kwa jina lake. Mjukuu wake mmoja aliulizwa shuleni jina la nyanya yake, akaandika Karani, na mwalimu akapiga tiki.

Mimi na mama tuliishi ploti moja naye, mlango wetu ukitazamana na wake, kwa hiyo nilimfahamu kwa miaka mingi kabla sijawa na haja naye. Ninamwandika hapa kwa sababu ya neno moja. Neno hilo nililiandika mimi, mwenye shahada, na nusura limtoe mama yangu kazini kwa mlango wa nyuma.

Watoto wa Karani walimnunulia kompyuta. Aliikubali, akashukuru, akasali mbele yake pamoja nao, kisha akaitumia kucheza karata wakati hakuna wateja. Barua aliendelea kuzipiga kwa taipureta. "Hii," alisema akiinyooshea kompyuta kidole, "inabadilisha maneno bila kukuuliza. Karani wa hivyo ningemfukuza."

Wateja wake wengi walijua wanachotaka kusema, ila hawakujua neno lake. Alikuwa na subira nao zaidi kuliko aliyokuwa nayo kwetu tuliosoma. Bawabu mmoja kijana alikuja kutaka barua ya kuomba likizo ili akamzike shangazi yake. Karani aliondoa vidole kwenye mashine.

"Likizo ni yako," alimwambia. "Unamwambia mkubwa wako siku tu. Ruhusa ni yake, unaiomba. Sasa wewe unataka kumaliza siku zako kwa matanga, ama unataka akupe zake?"

Kijana alifikiri. "Nataka zake."

"Basi sema ruhusa. Na usiandike 'tafadhali' mara tatu, mtu atadhani umeiba."

Kisa ambacho mama alipenda kukisimulia ni cha mfanyabiashara wa mifugo kutoka Tseikuru, mtu mrefu mwenye kofia nyeupe ya sala, aliyekuja mwaka wa ukame kutaka barua ya kumfuta kazi mchungaji wake. Ng'ombe walikuwa wamekwisha, wengine kwa kufa na wengine kwa kuuzwa.

"Amekosea nini?" Karani aliuliza.

"Hajakosea, Mama Karani. Hakuna ng'ombe wa kuchunga."

"Basi humfuti. Unampumzisha."

"Si ni kitu kimoja?"

"Ukimfuta, amekwisha. Ukimpumzisha, ukipata ng'ombe anarudi."

Yule bwana alisema andika unavyojua. Mvua iliponyesha akanunua mitamba, na kabla hajatafuta mchungaji mwingine, yule wa zamani alifika boma na barua yake ndani ya mfuko wa plastiki, akaonyesha neno "pumzisha" kwa kidole. Mfanyabiashara alisafiri mpaka Kitui kuja kulalamika. Alimletea Karani debe dogo la asali, akakaa kwenye kiti cha wateja, akasema, "Mama Karani, umenifunga kamba kwa neno."

"Na mchungaji ni mzuri?"

"Mzuri sana. Ndiyo maana nimekasirika pole pole."

Huwezi kumwelewa Karani bila kuelewa kwamba sisi huku hatusemi mtu ameajiriwa. Tunasema ameandikwa. Nilipomaliza chuo kikuu, na shahada yangu ya mawasiliano ikiwa ndani ya bahasha ya kaki, kila mtu kwenye ploti aliniuliza, "Umeandikwa?" Niliulizwa nikichota maji, nikianika nguo, hata nikitoka chooni. Nililiwaza neno hilo mpaka likanitisha, nikaona kama mimi ni karatasi tupu inayopita mkononi mwa watu. Karani peke yake hakuniuliza. Aliniita Digrii, kwa sauti ya mtu anayemwita kuku, na siku moja aliponikuta nimekaa mlangoni na simu nikisoma upya barua ya maombi niliyokwisha kuituma, alisema, "Digrii, kuandikwa si kazi. Kazi ni kuandika. Kuja unisomee hii hati, huyu daktari wa mifugo ana mwandiko kama nyayo za kuku."

Hakuwa mtu wa maneno matamu. Alikuwa mkali, na alikuwa na majivuno. Kanisani mtangazaji aliposema kwamba mzee fulani "amestaafu" uzee wa kanisa, na sote tukijua alikosana na pasta juu ya vyombo vya muziki, Karani alikohoa. Benchi letu lote lilikijua kikohozi hicho. Baada ya ibada alimfuata mtangazaji mpaka kwenye mlango wa ofisi na kumweleza tofauti, polepole, mbele ya watoto wa Shule ya Jumapili.

Mambo mawili yake yalinisumbua, mimi ambaye husumbuliwa na kila kitu. La kwanza, nusu ya hotuba zilizosomwa kwenye karamu za kustaafu mjini mwetu aliziandika yeye, na kila mara alialikwa, na hakuwahi kwenda hata moja. Alituma themosi ya chai, mpya, ndani ya boksi lake. Nyumba nyingi za wastaafu wa Kitui zina themosi ya Karani kwenye kabati. La pili, mtu akimuuliza kuhusu kazi yake ya zamani, kwenye chama cha ushirika cha wakulima wa pamba kilichokwisha kufungwa, alisema, "Mimi nilistaafu," kisha akainama kutafuta kitu chini ya meza. Alikuwa mtu asiyepoteza hata kibanio cha karatasi. Nilijiuliza ni kitu gani hicho anachokipoteza kila mara.

Mama alikuwa mpishi katika shule moja ya bweni ya wasichana, nusu saa kutoka mjini. Alipika muthokoi, yale mahindi yetu ya kukobolewa, kwenye sufuria ambazo ungeweza kuogea, miaka ishirini na mingine, mpaka magoti yakakataa. Umri wake wa kupumzika ulikuwa umefika mwezi huo huo. Mwalimu mkuu alimwambia alete barua tu, taratibu nyingine zifuate. Mama alitaka iwe ya Kiswahili ili ajue anachotilia sahihi, na alitaka niiandike mimi.

Niliiandika kwa siku tatu. Tatizo langu lilikuwa neno. Kustaafu niliona ni neno la walimu na maofisa, watu wenye makabrasha. Niliogopa mpishi akilitumia ataonekana anajipandisha. Kujiuzulu nililisikia kwenye habari, mawaziri wakijiuzulu, wakuu wa mashirika wakijiuzulu, na lilikuwa na uzito fulani wa suti. Nilitaka barua ya mama isikike kama ya waziri. Nikaandika: "Ninaomba kujiuzulu kazi yangu ya upishi." Niliisoma mara nyingi, nikahamisha koma, nikairudisha. Mama alitia sahihi asubuhi, akaikunja mara mbili, akaenda nayo kazini.

Nilikuwa nimeipiga picha kwa simu. Saa nne nikaenda verandani kumwonyesha Karani, kwa sababu nilijivunia na kwa sababu nilitaka aniambie haina kosa ili niache kuifikiria.

Alianza chini, kama kawaida. Alipofika katikati alisimama. Alivua miwani, akaipangusa kwa ncha ya leso, akaivaa tena.

"Digrii. Mama yako amegombana na nani?"

"Hajagombana na mtu."

"Wameshika ameiba mchele?"

"Hapana, Karani."

"Basi hii 'ji' inafanya nini hapa?"

Sikumwelewa. Alichukua kalamu kwenye kopo, akaandika neno juu ya karatasi ya kaboni iliyokwisha kutumika, akalikata vipande kwa mistari miwili. Ku. Ji. Uzulu.

"Kuuzulu ni kumtoa mtu kwenye nafasi yake. Ukitia 'ji' unajitoa mwenyewe. Kujikata, kujichoma, kujiuzulu. Mtu anajifanyia. Sasa mtu akijitoa mwezi ule wa kupumzika, watu wanauliza alikuwa anakimbia nini. Na wale wa ofisi, wakiona hili neno, haki yake ya uzee wataitazama kwa jicho lingine. Anayestaafu anaagwa. Anayejiuzulu anaulizwa."

Nilianza kueleza kuhusu mawaziri. Hakunisikiliza.

"Imepigwa muhuri?"

"Sijui."

"Barua bila muhuri ni karatasi," alisema, na akaifunika taipureta yake saa nne asubuhi, kitu ambacho sikuwahi kukiona.

Alikuwa na miaka inayokaribia sabini. Alipanda bodaboda kwa upande, mkoba wake kifuani, nami nyuma yake, na njia nzima alimwambia yule kijana aendeshe kama mtu aliyeandikwa na wala si kama kibarua. Kijana aliuliza tofauti ni nini. "Kibarua anaangalia jua," alisema Karani. "Angalia barabara."

Ofisini shuleni kulikuwa na karani kijana, amevaa tai, na barua ya mama ilikuwa mbele yake. Kasha la wino lilikuwa wazi.

"Habari ya kazi, mwenzangu," Karani alimwambia. "Hiyo barua tunaihitaji."

"Mama, hii ni ya ofisi sasa."

"Muhuri uko wapi?"

"Ndio nilikuwa naenda kupiga."

"Kwa hivyo hujapiga."

Kijana aliutazama muhuri ulio mkononi mwake kama aliyewekewa na mtu mwingine. Alisema mwenyewe akija kuiomba, yeye hana neno. Nikakimbia jikoni. Mama alikuja na aproni yake, macho mekundu kwa moshi, mkono mmoja bado umeshika mwiko. Nilijaribu kumwambia kosa ni langu, lakini Karani alinipita. Alimkalisha mama kwenye kiti cha wageni, akaiweka barua yangu juu ya paja lake la kushoto, na karatasi tupu juu ya paja la kulia.

"Mwaitu," alisema, nalo ndilo neno letu la heshima kwa mama wa mtu, "hii ya mtoto wako inasema umejitoa. Nyingine, nikiiandika, itasema umefika. Yako ni gani?"

Mama alitazama ile ya kushoto kwa muda, kwa sababu ilikuwa imeandikwa na mtoto wake na ilikuwa na mwandiko mzuri.

"Mimi nimefika," alisema. "Nimefika kitambo."

Karani aliandika kwa mkono, mistari sita, bila kufuta. Mama akatia sahihi. Muhuri ukapigwa. Barua yangu Karani aliikunja akaitia mkobani mwake, na sikuwahi kuiona tena, ingawa nimeifikiria karibu kila wiki.

Mama aliagwa kwenye paredi. Wasichana waliimba, wakambeba na kiti chake kuzunguka uwanja, na mmoja aliyekuwa na homa alitoka zahanati kuja kumshika mkono. Alipewa blanketi na saa ya ukutani. Kulikuwa pia na themosi ndani ya boksi. Mwenye kuituma hakuja, na nilipomuuliza jioni kwa nini, aliniambia mguu ulikuwa unauma. Asubuhi ile ile nilimwona akivuka barabara mbele ya lori.

Baadaye niliandikwa. Ulikuwa mkataba mfupi, kule Kiboko, Makueni, wa kuingiza takwimu za mbegu kwenye kompyuta. Nilihama ploti. Karani alipooza mkono wa kulia muda mfupi baada ya hapo, akarudi kwake kijijini, nje kidogo ya mji, na veranda ikachukuliwa na mtu wa kuuza vifaranga. Desemba iliyopita alimpigia mama simu akasema, "Mwambie Digrii aje na daftari. Asije na kompyuta."

Nilimkuta amekaa sebuleni, mkono mgonjwa umelala juu ya mto kama mgeni. Nyuma yake ndengu zilikuwa zimeanikwa kwenye turubai uani, zikionekana kupitia mlango. Alinitazama kuanzia viatu mpaka kichwa.

"Leo ni mimi naandikwa," alisema. "Historia ya maisha. Watu wa kanisa wakiachiwa wataandika uongo mzuri."

Nilisema hafi leo. Alisema hakuna aliyesema leo, niandike.

Aliruka kuzaliwa na ukoo. Hayo, alisema, ndugu zake watayagombania wenyewe. Alianza na kazi. Alitamka polepole, akiniambia mahali pa koma. "Alifanya kazi ya ukarani katika chama cha ushirika cha wakulima wa pamba kwa miaka kumi na saba." Nukta. Hapo akanyamaza kunywa maji, nami, nikitaka kumpunguzia kazi, nikaendelea peke yangu: "Kisha akastaafu."

Aliomba daftari. Akalisoma kutoka chini, kwa hiyo hilo ndilo lililokuwa neno la kwanza kuliona.

"Hili nani alikuambia?"

"Ni wewe, Karani. Miaka yote."

"Nilikudanganya."

Hakuinama kutafuta kitu. Alieleza akinitazama. Meneja wa chama alimtaka abadilishe tarehe kwenye barua fulani, naye akakataa. Wiki iliyofuata meneja alimwita kama siku zote, Karani, aje na daftari, akamsomea barua naye akiandika kwa hati mkato. Ilikuwa barua ya mtu anayejiuzulu kwa hiari yake.

"Nilikuwa namhurumia huyo mtu," alisema. "Naandika nikisema moyoni, maskini, ni nani huyu. Nafika kwa jina nasikia ni langu."

"Ukafanya nini?"

"Nilienda kuipiga. Kazi ya karani ni kupiga anachosomewa. Nilirudi tu mlangoni nikamuuliza, nakala ngapi? Akasema tatu." Aliurekebisha mkono wake juu ya mto. "Niliipiga bila kosa hata moja, Digrii. Hiyo ndiyo huniuma. Ningekosea hata koma."

"Na sahihi?"

"Nikatia. Alisema nisipotia sitapata hata barua ya kunipendekeza popote, na nilikuwa na watoto watatu shuleni. Sasa amezikwa, sina ugomvi naye. Lakini sikuwahi kuagwa. Nilitoka na kikombe changu kwa mfuko, watu wakidhani naenda sokoni."

Nilizifikiria zile themosi zote. Niliifikiria barua yangu ndani ya mkoba wake, na jinsi alivyoikunja. Kisha nikafanya nilichofundishwa: nikalikata "akastaafu" kwa mstari mmoja, na juu yake nikaandika "akajiuzulu", kwa sababu hivyo ndivyo barua yake ilivyosema, na nikampa daftari tena. Nilikuwa na hakika mara hii niko sawa.

Alisoma. Akalirudisha daftari, na kwa kidole cha mkono mzima akagonga katikati ya neno.

"Hii nilijifanyia mimi?"

"Hapana."

"Basi iondoe."

Nilitazama neno kwa muda mrefu kuliko lilivyohitaji. Kisha nikaliandika upya, bila ile silabi, na mwisho wake ukabadilika wenyewe: "kisha akauzuliwa." Nikamsomea kwa sauti. Alifumba macho akasikiliza mpaka nukta, halafu akaniambia nisome tena, na nikasoma tena.

"Hiyo," alisema.

Nikauliza kile ambacho yeye angeuliza.

"Nakala ngapi, Karani?"

Alicheka, kicheko kidogo kilichoutikisa ule mkono juu ya mto.

"Tatu. Moja peleka kanisani, mkononi mwa yule mtangazaji. Moja uniachie hapa."

"Na ya tatu?"

"Ya tatu mpelekee meneja."

"Si umesema amezikwa?"

"Ndiyo," alisema Karani. "Ataisoma kutoka chini."